Kilo Mbili za Shaba Zilizopotea Katuba

Baba yangu mdogo alikuwa na karakana ya kuyeyushia aluminiamu katika komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi, na sufuria alizozimimina zilipikiwa bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za mtaa wetu. Alikuwa fundi wa kweli, lakini vitu vyote alivyotia motoni vilikuwa vimekwisha kuwa metali: pistoni za magari, fremu za madirisha, sufuria kuukuu zilizotoboka. Kwa hiyo, siku mtu mmoja alipomlipa deni lake kwa mfuko wa mawe ya kijani badala ya pesa, hakuona tatizo. Mimi nilikuwa na miaka 19, nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari katika upande wa kemia, na nilijua jina la jiwe lile. Nilimwambia kuwa ni malakiti, na kwamba malakiti safi ina shaba asilimia 57.5. Naye akanijibu kuwa kama shaba imo ndani basi moto utaitoa.

Tuliponda mawe, tukachagua yaliyokuwa ya kijani zaidi, tukapima kilo 8. Kwa macho nilikadiria kuwa nusu yake ilikuwa malakiti na nusu nyingine ni jiwe jeupe la kwazi pamoja na udongo. Kwa hesabu hiyo tulitarajia kilo 2.3 za shaba. Tanuri letu lilikuwa pipa lililokatwa na kupakwa udongo wa kichuguu kwa ndani, udongo ambao wahunzi wa Katanga walijua tangu zamani kuwa hustahimili moto, na chini yake tuliingiza bomba la chuma lililounganishwa na feni ya umeme. Tulijaza makaa, tukawasha, tukapishanisha tabaka la makaa na tabaka la mawe kwa muda wa saa 5, na feni ikavuma bila kupumzika. Tulipovunja tanuri asubuhi iliyofuata tulipata keki ndogo ya shaba yenye uzito wa gramu 400, ikiwa imekwama chini ya bonge kubwa la kitu kama kioo, cheusi kwa nje na chekundu pale kilipopasuka. Baba mdogo alitoa keki, akaisugua, akafurahi. Bonge hilo la skori, yaani uchafu wa mawe ulioyeyuka na kuganda, akalisogeza kwa mguu hadi kwenye banda la kuku, likawa jiwe la kuzuia mlango.

Mimi sikufurahi. Kilo 1.9 zilikuwa zimekwenda wapi?

Swali hilo nilikaa nalo zaidi ya mwaka, hadi nilipopata kazi ya msaidizi katika maabara ya kiwanda kimoja cha shaba nje ya mji. Msimamizi wetu alikuwa mzee aliyeanza kazi ya madini enzi ambapo mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba, jina uliolibeba kutoka mwaka 1971 hadi 1997, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku akiendelea kusafisha vioo vyake. Nilimsimulia habari yote, nikitumaini kwamba ataniambia jambo kuhusu halijoto. Badala yake aliuliza, "Skori mliipima?"

"Hapana, mzee."

"Na moshi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Akasema, "Basi mwanangu, ninyi hamkuyeyusha, mliunguza tu. Nenda ukalete hilo jiwe la kuku."

Nililileta likiwa bado na mbolea upande mmoja. Kabla ya kuligusa alinikalisha na karatasi, akanifundisha hesabu ambayo ndiyo imekuwa kazi yangu tangu siku ile: vyote vilivyoingia upande mmoja, vyote vilivyotoka upande wa pili, na hakuna mstari unaoruhusiwa kubaki mtupu. Malakiti ni shaba iliyofungamana na oksijeni, maji na hewa ya kaboni. Ikipashwa moto, hata kabla haijawa nyekundu, maji na kaboni dioksidi huondoka, na kijani hugeuka kuwa oksidi nyeusi. Kilo 4 za malakiti hubaki kilo 2.9 hivi, na katika uzito uliopotea hakuna hata chembe ya shaba. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza: makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo huinyang'anya oksidi nyeusi oksijeni yake na kuacha shaba. Kunyang'anya huko hakuhitaji moto mkali sana. Moto mkali unahitajika kwa sababu nyingine, kwamba shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 na ni lazima iyeyuke ili matone yake yakutane, na tena jiwe lisilo shaba nalo liyeyuke ili matone yapate njia ya kushuka.

Tuliivunja skori kwa nyundo, tukaitwanga, tukaiosha kidogo kidogo kwenye karai kama watu wanaotafuta dhahabu mtoni. Chembe za shaba zilibaki chini, nyingine ndogo kama mbegu za nyanya, nyingine za mviringo kamili kana kwamba zilichongwa. Zilipokauka zilikuwa na uzito wa gramu 750. Sehemu iliyobaki haikuweza kuoshwa, kwa kuwa haikuwa shaba tena: ule wekundu wa kioo ulikuwa oksidi ya shaba iliyoyeyukia ndani ya skori kama sukari ndani ya chai.

Kwa hiyo tulikuwa na makosa mawili, na kila moja lilikuwa na saini yake ndani ya jiwe lile la kuku. Chembe zilizonaswa zilisema kwamba skori ilikuwa nzito kama uji uliokolea, kwa sababu kwazi peke yake haiyeyuki katika moto wa pipa. Wekundu ulisema kwamba bomba la feni lilipuliza hewa nyingi mno moja kwa moja juu ya shaba iliyokwisha kupatikana, ikaungua upya na kurudi kuwa oksidi. Feni ile tuliyojivunia ilikuwa ikitengeneza kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono mwingine.

Dawa ya kosa la kwanza ni chuma, na jambo hili lilinishangaza. Oksidi ya chuma ikikutana na kwazi ndani ya tanuri huungana nayo kuwa skori nyeusi inayoyeyuka karibu na nyuzi 1,200 na kutiririka vizuri. Mawe mekundu yenye chuma yamejaa katika ardhi yetu, tunayakanyaga kila siku njiani. Mara ya pili tulichanganya mawe hayo, tukapunguza upepo, tukaongeza makaa. Tulipata shaba zaidi ya kilo 1, na baba mdogo akaanza kuifua kwa nyundo ili atengeneze sahani. Ilipasuka kwenye ukingo kwa mapigo machache. Nilichukua sumaku ya spika iliyokufa nikaisogeza karibu, ikang'ang'ania. Safari hii tulikuwa tumezidisha upande wa pili: makaa mengi na hewa haba viliinyang'anya oksijeni hata oksidi ya chuma, na chuma kikaingia ndani ya shaba badala ya kubaki katika skori.

Hapa ndipo nilipoelewa tofauti kati ya kutoa na kusafisha. Kusafisha shaba kwa moto ni kuirudisha katika kosa la kwanza kwa makusudi na kwa kipimo. Unaiyeyusha tena ndani ya chungu, unapuliza hewa juu yake, na kwa kuwa chuma hupenda oksijeni kuliko shaba inavyoipenda, chuma huungua kwanza na kuelea kama ukoko. Unanyunyiza mchanga, ukoko unashikamana nao, unauchota. Tatizo ni kwamba chuma kikiisha, hewa huanza kuiunguza shaba yenyewe, nayo shaba iliyonywa oksijeni nyingi huvunjika vilevile. Ili kuitoa oksijeni hiyo mafundi hutumbukiza gogo la mti mbichi ndani ya shaba iliyoyeyuka. Mti huchemka, hutoa gesi zake, na gesi hizo huondoa oksijeni. Viwanda vikubwa vya dunia vilifanya hivyo hivyo kwa karne nyingi. Kipimo ni uso wa kipande kidogo kilichomiminwa na kupoa: ukizama katikati, oksijeni bado ipo; ukivimba, gogo limekaa mno; ukilala sawasawa, mimina.

Tulifanya hayo yote vizuri, na bado siku ile iliishia hospitalini. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza, na kalibu yetu ya chuma ilikuwa imelala nje. Niliifuta kwa kitambaa nikaona imekauka. Baba mdogo alipomimina, unyevu uliokuwa umejificha kwenye kona ukageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Shaba iliruka kama mafuta ya mandazi yaliyodondokewa na tone la maji. Mimi nilipata kovu la mkono ninalolitazama hadi leo ninapoandika. Yeye aliponea kwenye aproni ya ngozi. Baadaye nilikuja kujua kwamba Bayeke, wafua shaba wa zamani wa Katanga, na waliowatangulia waliyeyusha malakiti yao wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Nilikuwa nimedhani kwamba ni kwa sababu ya nafasi ya kazi za shamba tu. Watu waliomimina ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, mitatu ambayo ilichorwa katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960, bila shaka walikuwa wameshaona shaba ikiruka.

Chuma chenyewe tulikijaribu mara moja tu na sina mengi ya kujisifia. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, joto ambalo pipa la Katuba haliwezi kulifikia, na mhunzi wa zamani hakulihitaji. Alichokifanya ni kuyeyusha skori tu, akaacha chuma kikusanyike kikiwa kigumu, kama sifongo iliyojaa uchafu, kisha akaifua ingali nyekundu hadi skori ichuruzike nje. Bonge letu lilisambaratika kwenye fuawe kama mkate mkavu. Lakini hesabu ya mzee ilinipa kitu: katika tanuri la namna hiyo sehemu kubwa ya chuma ni lazima ipotee, kwa sababu skori haiwezi kuyeyuka bila oksidi ya chuma ndani yake. Chuma hulipa nauli yake chenyewe. Tanuri refu la viwandani huweka mawe ya chokaa yalipe nauli hiyo, na hivyo hukitoa chuma karibu chote, ila katika joto lile chuma hunywa kaboni kiasi cha asilimia 4 na kutoka kikiwa kigumu chenye kuvunjika, kikihitaji kusafishwa upya kwa oksijeni ili kiwe chuma cha pua.

Tangu hapo sikuweza tena kuutazama mlima mweusi wa Lubumbashi kama nilivyoutazama utotoni. Kila mkazi wa mji huu anaujua, na dohani lenye urefu wa mita 153 lililosimama kando yake ndilo watoto wetu huchora wakitakiwa kuchora mji. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliwasha tanuri lake la kwanza hapa mwaka 1911, na skori ikamwagwa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi. Ndani ya skori hiyo kulibaki shaba, zinki na hasa kobalti, ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa uchafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuri kubwa la umeme lilijengwa pale pale chini ya mlima ili kuiyeyusha upya na kuitoa kobalti. Ni lile jiwe la banda la kuku, isipokuwa hili la mji lilisubiri miongo mingi zaidi.

Kiwandani hatukutumia moto. Mawe ya oksidi, malakiti ikiwa mojawapo, huyeyuka ndani ya asidi ya salfuriki bila tanuri lolote. Katika kiwanda cha Shituru, kule Likasi, walikuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1929. Maji ya buluu yanayopatikana hupelekwa kwenye ukumbi wa elektrolizi, ambako umeme hupita kati ya mabamba ya risasi, yaani anodi, na mabamba ya chuma kisichopata kutu, yaani kathodi, na shaba hujishika kwenye kathodi, safi kwa asilimia 99.99. Nilipoingia mara ya kwanza nilidhani kwamba mahali pale hakuna cha kupotea. Hakuna moshi, hakuna skori. Kuna ukungu wa asidi unaowasha koo, na utulivu.

Mzee alinipa kalamu. Kila saa 1 ya ampea 1 inapaswa kuleta gramu 1.185 za shaba. Katika birika letu zilipita ampea 20,000 kwa saa 24, kwa hiyo kathodi zote za birika hilo kwa pamoja zingetoa kilo 569 kwa siku. Wastani wetu ulikuwa kilo 480. Kilo 89 za kila siku zilikuwa wapi? Safari hii kilichopotea kilikuwa umeme. Mwizi wa kwanza tulimpata kwa kutembea na kifaa cha kupimia joto: kathodi zilizoota vinundu hadi zikagusa anodi, na umeme ukapita hapo kama njia ya mkato bila kufanya kazi yoyote isipokuwa kuchemsha. Mwizi wa pili hakuonekana kwa macho, naye alikuwa yule yule tuliyemjua tangu Katuba. Chuma kilichoyeyuka katika asidi hupokea umeme kwenye kathodi, huelea hadi kwenye anodi na kuurudisha, kisha huanza upya, usiku na mchana, bila kuzaa hata gramu. Na umeme ulipokatika, jambo tulilolizoea, hasara haikuwa ya kusimama tu: shaba ilianza kurudi ndani ya asidi, na ganda la anodi za risasi lilipukutika na kuchafua kathodi za siku iliyofuata.

Kosa langu la mwisho katika simulizi hii linahusu fedha, yaani madini ya fedha, na ndilo linaloniaibisha zaidi kwa kuwa wakati ule nilikwisha kujiona mjuzi. Nilikuwa nimesoma kwamba tope la chini ya mabirika ya elektrolizi huwa na fedha na dhahabu. Mabirika yetu yalipooshwa niliomba ruhusa, nikachukua ndoo ya tope, nikalikausha na kumpelekea mzee. Alilishika tu, akaona uzito wake, akatabasamu. Lilikuwa risasi, mabaki ya anodi zetu wenyewe. Tope lenye fedha ni la mabirika ya kusafishia, ambako anodi ni bamba la shaba chafu iliyotoka motoni: umeme huiyeyusha shaba na kuihamisha upande wa pili, na fedha, isiyokubali kuyeyuka hapo, hudondoka chini. Kwetu shaba ilitoka katika asidi, na asidi hiyo iliyozimuliwa haikuwahi kuigusa fedha. Kama ilikuwamo, ilibaki kwenye mabaki ya mawe hata kabla ya kufika ukumbini. Nilikuwa nimetafuta chini ya mlango usio wake.

Ili kunifariji aliniita tupime kipande cha jiwe lenye risasi na fedha kidogo. Fedha, alisema, haisumbui kuachana na oksijeni, kwani oksidi yake huvunjika kwa joto tu. Inasumbua kwa uchache wake. Kwa hiyo unaitafutia mchukuzi. Tulisaga jiwe, tukachanganya na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na kijiko cha unga wa mahindi, unga ule ule wa bukari, kwa kuwa kaboni yake ndiyo huigeuza oksidi ya risasi kuwa risasi. Ndani ya chungu matone ya risasi yalinyesha kama mvua, yakaikusanya fedha yote njiani. Tulipata kidonge cha gramu 20, tukakiweka katika kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, ndani ya tanuri la zaidi ya nyuzi 900 lenye hewa. Risasi iliungua polepole na kikombe kikainywa. Tulitazama kupitia tundu: tone likapungua, rangi za upinde wa mvua zikapita juu yake, kisha likameta mara moja na kutulia. Miligramu 18.

Nilitaka kwenda kula. Mzee aliweka kikombe kwenye mizani. Kabla ya kazi kilikuwa gramu 31.2, sasa gramu 52.3, na gramu 20 za risasi zikiungua zote zinapaswa kuwa gramu 21.5 za oksidi. Nilitoa mara mbili, nikapata upungufu ule ule. Alinionyesha kidole kuelekea bomba la dohani juu ya tanuri, akaenda kufungua dirisha la pili, akaniagiza ninawe mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa chakula. Nilipokwisha kunawa nilirudi kwenye daftari na kuujaza mstari wa mwisho: moshi, gramu 0.4.